Goti Lako Limekunjwa Nyuzi Ngapi?

Tangu Kigali iandae mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika, maswali ya baiskeli yananijia kwa wingi. La wiki hii limetoka kwa msomaji wa Arusha. Alijirekodi kwa simu akikanyaga pedali, programu ikamwambia kwamba pedali ikifika chini kabisa goti lake hubaki limekunjwa nyuzi 31. Baadaye akaenda kwa mtaalamu wa kupima mkao, akabandikwa vidude vinavyong'aa mguuni, akapewa nyuzi 38. Wataalamu wengi hutaka mkunjo huo uwe kati ya 25 na 35. Kwa kipimo cha kwanza kiti chake kiko sawa. Kwa cha pili kiko chini mno. Anauliza kipi kinasema kweli.

Nianze na vile vidude. Nitaviita vialama. Nilifikiria "vidoti", lakini doti ni kitu bapa, na hivi mara nyingi ni vipira vidogo vyenye utando unaorudisha mwanga kule kule ulikotoka. Kamera za infraredi zilizozunguka chumba hukiona kila kipira kama doa jeupe, na kamera mbili au zaidi zikikiona kwa pamoja, kompyuta hukokotoa mahali kilipo. Mifumo kama Vicon na Qualisys, ikishasawazishwa vizuri, hukosea chini ya milimita moja. Kuhusu mahali pa kipira, basi, hakuna ubishi.

Lakini tunachotafuta ni mwendo wa mfupa, na kipira kimebandikwa kwenye ngozi. Mfikirie mzee aliyevaa kanzu, ukamwekea alama ya chaki kwenye kitambaa, sawasawa na goti. Akisimama, alama na goti viko mahali pamoja. Akikaa mkekani, kanzu inavutika mapajani, alama inapanda, goti linabaki nyuma. Akiinuka, alama inarudi ilipokuwa. Anayetazama chaki peke yake kutoka mbali ataapa kwamba goti limehama. Tena kanzu haivutiki sawa kila mahali: ugokoni inashuka tu na kutulia, ila kiunoni na pajani inajikunja na kukazana. Ngozi nayo ni hivyo hivyo. Kwenye ugoko imelala karibu juu ya mfupa, haiendi mbali. Pajani kuna nyama na mafuta katikati, na nyonga, pale mfupa unapochomoza ubavuni, ndipo ngozi inapoteleza sana mguu ukipanda.

Mwaka 1996 Aurelio Cappozzo wa Italia na wenzake walichapisha utafiti uliopima utelezi huo. Waliwatumia wagonjwa waliofungwa vyuma vya nje vya kuunga mifupa. Vyuma hivyo vimechomekwa ndani ya mfupa wenyewe, kwa hiyo alama iliyofungwa kwenye chuma huonyesha mfupa unakokwenda, na ile ya ngozini huonyesha ngozi inakokwenda. Miongoni mwa mambo waliyofanyishwa ni kukanyaga baiskeli ya mazoezi. Vialama vya ngozini viliachana na mfupa kwa milimita chache hadi 40.

Piga hesabu. Paja lina urefu wa kama sentimita 40. Kialama cha nyonga kikiteleza sentimita 2 tu kwenda pembeni, mstari wa paja unapinda karibu nyuzi 3. Kamera imekosea chini ya milimita moja, na jibu limeshakwenda kando nyuzi 3.

Mtu atasema: basi tupime mizunguko mingi tuchukue wastani. Hapa ndipo jambo hili linaponivutia kuliko pote. Wastani hufuta makosa ya kubahatisha, yale yanayokwenda kushoto mara hii na kulia mara ijayo. Ngozi haina tabia hiyo. Kila pedali inapopanda ngozi huvutika upande ule ule, karibu kwa kiasi kile kile, kisha hurudi pedali inaposhuka. Kosa lina mdundo mmoja na mguu. Kusanya mizunguko mia, utapata mchoro laini wa kupendeza, na kosa limo ndani zima. Hata chujio la kompyuta halilioni, kwa kuwa huondoa mitikisiko ya haraka isiyofanana na mwendo wa mguu, na utelezi huu umefanana nao kabisa.

Simu ina shida zake. Ukizungusha pedali mara 90 kwa dakika, zinapita nyuzi 540 kila sekunde. Simu ikichukua picha 30 kwa sekunde, pedali inaruka nyuzi 18 kati ya picha na picha. Kwa bahati nzuri pedali ikifika chini mkunjo wa goti hubadilika polepole kabla ya kurudi, kwa hiyo pengo hilo haliharibu sana kipimo unachokitaka. Kinachoharibu ni kuiweka simu kwa mshazari badala ya ubavuni hasa, na jinsi programu inavyoikisia nyonga iliyofichwa na kaptura. Imejifunza kutoka kwenye picha ambazo watu walizitia alama kwa macho tu.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Arusha, hakuna kati ya namba zako mbili iliyopima mfupa, wala hazikupaswa kushindanishwa. Chagua kifaa kimoja. Kama ni vialama, avibandike mtu yule yule, palepale, usivibandue mpaka umalize. Pima, badilisha urefu wa kiti, pima tena kwa kasi ile ile ya kukanyaga, utazame tofauti. Ikiwa ni nyuzi mbili au tatu, usiihesabu. Ikifika saba, ujue mkunjo umebadilika kweli; na kama goti linakuuma kwa mbele, pandisha kiti kidogo kidogo.