Una nini, unatafuta nini?

Katikati ya miaka ya 1970, kila baada ya wiki mbili, wapenzi wa kompyuta wa Homebrew Computer Club walikusanyika kwenye ukumbi wa mihadhara wa SLAC, maabara ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Stanford, California. Aliyeendesha mikutano alikuwa Lee Felsenstein, mhandisi kutoka Berkeley, na utaratibu aliouweka ndio chanzo cha makala hii. Sehemu ya kwanza ilikuwa ya zamu. Mtu anasimama, anasema kwa maneno machache ana nini na anatafuta nini: huyu ana vipuri vya ziada, yule mashine yake imegoma, mwingine kasikia fununu kuhusu kifaa kipya na anataka mwenye uhakika. Felsenstein anawatazama waliokaa, anauliza nani analijua hilo, mikono inanyooshwa, muulizaji anawakariri kwa sura, zamu inasonga. Hakuna aliyeachiwa kuhutubia. Kisha ikaja sehemu ya pili, isiyo na msimamizi: watu wanainuka, kila mmoja anamfuata yule aliyemwona, michoro inatandazwa, vifaa vinapita mkono hadi mkono. Ukumbi wenye mamia ya watu umegeuka vijiwe kadhaa, na kila kijiwe kina shida yake mahususi na mtu anayeijua.

Klabu hiyo ilianza Machi 5, 1975, kwenye gereji ya Gordon French mjini Menlo Park, watu wapatao 32 walipofika kuiona Altair 8800, kompyuta ya kujiundia iliyouzwa kwa chini ya dola 400. Haikuwa na kibodi wala skrini, ila swichi na taa mbele. Wiki chache baadaye mwanachama Steve Dompier aliketi mbele ya Altair yake, akaingiza programu kwa kupandisha na kushusha swichi, namba baada ya namba. Mtu akajikwaa kwenye waya wa umeme, kumbukumbu yote ikafutika, naye akaanza upya. Alipomaliza, redio ndogo aliyoiweka kando ya mashine ikaanza kupiga wimbo wa Beatles. Altair haikuwa na spika. Dompier alikuwa amegundua kwamba mawimbi yanayovuja kwenye saketi huingilia redio, akapanga hesabu za mashine ili kelele ile iwe muziki. Watu walisimama kumshangilia, na bila shaka kila mmoja alitaka kujua amefanyaje.

Felsenstein hakubuni utaratibu wake kwa bahati. Amesimulia mara nyingi kwamba aliathiriwa na Ivan Illich, mwanafikra aliyeeleza jinsi redio ilivyoingia Amerika ya Kati: watu walizifungua, wakaziharibu, wakajifunza, na haikupita miaka mingi kila kijiji kikawa na fundi wake. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuthibitishiwa hilo. Fundi redio ni mtu tuliyekua naye. Kutokana na hapo Felsenstein alifikia hitimisho ambalo naliona zito kuliko mashine yoyote iliyotoka kwenye klabu ile: kompyuta haiwezi kuishi mikononi mwa watu wa kawaida isipozungukwa na klabu ya watu wanaoijua na wanaofikika. Kwake, klabu ni sehemu ya kifaa.

Nikiitazama mikutano ya madevelopa wetu kwa kipimo hicho, naona tumechukua jina la kitu na kuacha kiini chake. Haikuanza hivyo. iHub, kituo cha wanateknolojia, ilipofunguliwa Machi 2010 katika jengo la Bishop Magua, Barabara ya Ngong, Nairobi, mikononi mwa watu waliotoka shirika la teknolojia la Ushahidi, uzito wake ulikuwa chumba chenyewe: intaneti ya kasi, kahawa, uanachama wa bure, na uwezekano wa kuketi karibu na mtu anayejua usichokijua. Leo mikutano mingi, iwe Nairobi au Dar es Salaam, ina ratiba iliyojaa: mzungumzaji, slaidi, mzungumzaji wa pili, neno kutoka kwa mdhamini, maswali matatu kwa sababu muda umekwisha, picha ya pamoja. Mfikirie kijana anayejenga programu ya kupokea malipo kupitia Daraja, mlango ambao Safaricom iliwafungulia madevelopa mwaka 2017 kuunganisha programu zao na M-Pesa. Mteja amelipa, pesa imekatwa, lakini taarifa ya malipo haifiki kwenye seva ya kijana, na mfumo wake unasisitiza kuwa mteja hajalipa. Pengine anwani ya seva haifikiki kutoka nje. Pengine mtu aliyekaa viti viwili mbele yake aliimaliza shida hiyo hiyo mwezi uliopita. Ataondoka ameshiba mada kuhusu mustakabali wa teknolojia ya fedha, na shida yake iko pale pale.

Wapo watakaosema kwamba jibu lake liko mtandaoni, na sasa akili unde itampa kwa sekunde. Ni kweli kwa swali lililokwisha kunyooka. Lakini anayeanza mara nyingi hajui shida yake inaitwaje. Anajua tu kwamba kitu hakifanyi kazi, na anahitaji mtu wa kumtazama akifanya na kumwambia, hapo ndipo. Hoja nzito zaidi ni ya fedha: kugawana bure huwanyima wengine malipo ya kazi yao. Februari 1976 Bill Gates aliwaandikia wapenzi wa kompyuta akilalamika kwamba wengi wao wanaiba programu: muda wa kompyuta uliotumika kuitengeneza Altair BASIC, lugha ya programu ya kampuni yake kwa ajili ya Altair, ulizidi thamani ya dola 40,000, na kilichorudi hakikufika dola 2 kwa saa ya kazi. Alikuwa na haki ya kukasirika, maana kanda za programu hiyo zilinakiliwa na kugawanywa kwenye mikutano ile ile ninayoisifu. Hata hivyo kumsaidia mtu kuondoa hitilafu si kumnyang'anya mwingine kazi yake. Steve Wozniak aligawa bure michoro ya kompyuta aliyoibuni, ile iliyokuja kuwa Apple I, kwa hiari yake, na amesema wazi kwamba bila klabu kama ile huenda kompyuta za Apple zisingekuwepo.

Kuhusu wadhamini sina ugomvi. Ukumbi una kodi, na iHub yenyewe ilichukuliwa na Co-Creation Hub ya Lagos mwaka 2019. Ninachodai ni nusu saa ya kuulizana, isiyouzwa kwa mtu yeyote.

Linabaki suala ambalo utaratibu wa Felsenstein haulimalizi. Kusimama mbele ya watu na kutaja usichokijua kunahitaji ujasiri, na Wozniak mwenyewe alikuwa mwenye haya mno kusema kwenye kikao kikuu. Aliokolewa na sehemu ya pili, aliposubiri watu waje kuitazama mashine yake. Alikuwa mwanamume kati ya wanaume, maana wanawake pale walikuwa wa kuhesabika. Nairobi, mwaka ule ule wa 2010 iHub ilipofunguliwa, wanawake waliunda AkiraChix, wakajitengenezea mahali pa kufundishana. Je, chumba cha pili kilihitajika kwa sababu cha kwanza hakikuwasikia, au kila jamii ya ufundi huhitaji vyumba zaidi ya kimoja? Na msichana anayekuja peke yake kwenye mkutano wa Jumamosi hii, akakaa kiti cha nyuma, nani atamuuliza ana nini na anatafuta nini?