Hong Kong kwa mfuko mwepesi: cha kuona, na ambacho usikitafute maana hakipo tena

Wadau, vijana wengi wa kwetu wanaopita Hong Kong huwa wako njiani tu. Mwingine anakwenda Guangzhou kufuata mzigo, mwingine kabanwa na ndege ya kuunganisha, ana siku moja au mbili na dola chache mfukoni. Swali lao ni lile lile: nikiwa pale nione nini? Wanaingia mtandaoni, wanakuta orodha ya miaka ile, wanaiprinti, halafu wanafika na kuzunguka wakitafuta vitu vilivyoshaondoka.

Mfano mzuri ni Jumbo, ule mgahawa mkubwa uliokuwa unaelea majini kule Aberdeen, umejengwa kama kasri la wafalme wa Kichina na kuwashwa taa kama harusi. Ulifunguliwa 1976 na kila orodha ya zamani inautaja. Jamani, haupo! Ulifungwa 2020 wakati wa Corona, Juni 2022 ukavutwa na boti kuondolewa Hong Kong, na siku chache baadaye ukapinduka katika Bahari ya China Kusini. Ukienda Aberdeen leo utakuta boti za wavuvi, ambazo kwa kweli nazo ni za kuangalia, ila usiende na njaa ukitegemea Jumbo.

Vivyo hivyo uwanja wa ndege wa Kai Tak, ule ambao ndege zilikuwa zinapita karibu na paa za watu. Ulifungwa Julai 1998. Siku hizi unatua kisiwani Chek Lap Kok, mbali na mjini. Kuna treni ya haraka lakini inakula hela. Mwenye mfuko mwepesi anapanda basi la ghorofa namba A21, linamshusha Nathan Road kabisa, na akikaa juu mbele, hayo ni matembezi tayari.

Sasa tuje kwenye vilivyopo. Ukiniuliza kimoja tu, nitakuambia Star Ferry, na sitasita. Ni pantoni. Ndiyo, pantoni, kama la Kigamboni au feri ya Likoni, tofauti yake ni kwamba hili halibebi magari, na watu wanatoka dunia nzima kuja kulipanda. Kampuni ilianzishwa 1888 na Mparsi mmoja kutoka India, Dorabjee Naorojee, na jina la Star Ferry likaja 1898. Boti zake ni kijani na nyeupe, karibu zote zina jina linaloishia na neno nyota kwa Kiingereza. Viti ni vya mbao, na egemeo lake unaweza kulisukuma upande wa pili, yaani boti ikigeuza safari huna haja ya kukaa ukiwa umeipa mgongo njia. Wafanyakazi wamevaa sare za kibaharia, kamba wanaidaka kwa mti wenye ndoano. Nauli haifiki dola 10 za Hong Kong, na dola moja ya Marekani ni kama 7.8 za kwao. Ghorofa ya chini ni rahisi zaidi na uko karibu na maji na harufu ya injini. Unatoka Tsim Sha Tsui upande wa Kowloon, dakika chache tu unafika Central kisiwani, na hapo katikati unaiona Bandari ya Victoria yote, maghorofa mbele na nyuma, meli, milima kwa mbali. Nenda jua likizama, rudi taa zimewaka. Hakuna kiingilio cha mnara wowote kitakachokupa zaidi ya hapo.

Na pantoni hilo lina historia ya moto. Aprili 1966 kampuni ilikubaliwa kupandisha nauli ya daraja la kwanza kwa senti 5. Senti tano! Kijana mmoja, So Sau-chung, akakaa kituoni na kugoma kula. Alipokamatwa watu wakaingia barabarani, Kowloon ikawaka fujo, mtu mmoja akafa na mamia wakakamatwa. Sisi tuliozoea mambo ya nauli ya daladala hatuhitaji kufafanuliwa sana hapo. Miaka arobaini baadaye, 2006, ikawa zamu ya kituo chenyewe. Serikali iliamua kufukia bahari upande wa Central, kituo cha zamani kikafungwa Novemba, na Desemba mnara wake wa saa ukabomolewa huku vijana wakiandamana kuuzuia. Kwa hiyo kituo unachoshukia leo Central ni kipya kilichojengwa kwa sura ya kizamani. Usipige picha ukaandika kuwa ni cha enzi za mababu.

Hilo la kufukia bahari si dogo. Sehemu kubwa ya ardhi unayokanyaga pale pwani ilikuwa maji. Bandari ilipungua hadi wananchi wakaogopa itabaki mfereji, na 1997 ikatungwa sheria ya kuilinda. Mwaka 2004 mahakama yao ya juu ikasema hakuna kufukia tena mpaka serikali ithibitishe kuna haja ya umma isiyokwepeka. Ukiwa ndani ya pantoni uone safari ni fupi hivyo, kumbuka zamani haikuwa fupi kiasi hicho.

Mnara wa saa uliobaki ni ule wa Tsim Sha Tsui, wa matofali na mawe, mita 44, ulikuwa wa stesheni ya reli ya kwenda Canton, ndiyo hiyo hiyo Guangzhou. Stesheni ilihamishwa 1975, mnara ukaachwa. Ukitoka hapo na kufuata ukingo wa maji unafika kwenye sanamu ya Bruce Lee, iliyowekwa 2005. Hapa nakubali kuwa sina usawa, mimi nimekulia kwenye vibanda vya video, kwa hiyo nilisimama pale muda mrefu kuliko mtu mzima anavyopaswa. Bure kabisa. Foleni ya kupiga picha ni ndefu, na kila mtu anainua mguu.

Kupanda mlimani, Victoria Peak, ndiko wanakokwenda wote. Tramu ya kuvutwa kwa waya ilianza 1888, kabla ya hapo matajiri walikuwa wanabebwa na watu kwenye viti. Tangu 1904 sheria iliwazuia Wachina kuishi huko juu, ikafutwa baada ya Vita Kuu ya Pili. Tramu ina raha yake, inapanda kama inataka kusimama wima, ila bei na foleni vinachosha. Basi namba 15 kutoka Central linafika juu kwa hela kidogo. Ukifika usikimbilie roshani ya kulipia. Uliza njia inayoitwa Lugard Road, tembea taratibu, mji wote unafunguka chini ya miguu yako bila kutoa hata senti. Mzunguko wote ni kama saa moja.

Jina hilo Lugard, ndugu zangu wa Uganda mtakuwa mmeshtuka. Ndiye yule yule! Kapteni aliyefika Kampala Desemba 1890 kwa niaba ya kampuni ya Waingereza na kujenga ngome pale Old Kampala, baadaye akawa Gavana wa Hong Kong kuanzia 1907 hadi 1912, kisha Nigeria. Yaani mtu mmoja kaacha jina lake kwenye vilima vya mabara mawili.

Tramu za barabarani ni kitu kingine tena. Zipo tangu 1904, za ghorofa mbili, wenyewe wanaziita ding ding kwa mlio wa kengele. Nauli haifiki dola 5 popote uendako. Unapandia nyuma, unashukia mbele na kulipa pale. Karibu na hapo kuna ngazi za umeme za mtaani, za tangu 1993, zinapanda kilima kwa karibu mita 800. Asubuhi zinashuka na watu wa maofisini, kuanzia saa nne zinapanda mpaka usiku. Bure nazo.

Ukiwa na siku nzima ya ziada, nenda Lantau ukaone Budha mkubwa wa shaba, mita 34, aliyekamilika 1993. Ngazi 268, na hakuna anayekudai kuzipanda. Gari la waya la Ngong Ping ni tamu lakini ghali. Basi namba 23 kutoka Tung Chung linafika. Disneyland ipo tangu 2005, siizungumzii.

Malazi: wengi wetu tunaishia Chungking Mansions, Nathan Road, jengo la 1961 lenye ghorofa 17 na bloku tano. Lifti zake ndogo, moja ya namba shufwa, nyingine ya namba witiri, na foleni yake ni somo la subira. Profesa Gordon Mathews, aliyelichunguza jengo hilo na kuliandikia kitabu mwaka 2011, alikadiria kuwa hadi simu moja kati ya tano zilizotumika Afrika kusini mwa Sahara zilipita pale. Biashara hiyo imepungua, ila chapati na mchuzi wa halali bado upo chini, na Msikiti wa Kowloon uko hatua chache tu barabara hiyo hiyo. Kamera za dukani Nathan Road zisizo na bei iliyobandikwa, mimi ziliniliza. Pita tu.

Nunua kadi ya Octopus, inalipa basi, treni, pantoni na maji ya kunywa. Kati ya Julai na Septemba angalia vimbunga: ishara namba 8 ikipandishwa, pantoni linasimama, maduka yanafungwa, unabaki ndani na biskuti zako.

La mwisho lisome mara mbili. Hong Kong na China Bara ni milango miwili. Viza ya China ya kuingia mara moja inakufa ukivuka kwenda Hong Kong kutembea. Rafiki yangu mmoja alitoka Guangzhou Jumamosi kuja kuona taa tu, Jumapili akazuiwa mpakani, mzigo wake uko upande wa pili na kontena linafungwa. Akaomba viza upya, akasubiri siku kadhaa kwa hela ya kukopa. Mchana alikuwa anapanda pantoni, ghorofa ya chini, anakwenda na kurudi.