Mkwe anapiga Scotch, umpelekee ya Ireland?

Wadau, kuna mshikaji huku Tandika anaenda kujitambulisha ukweni, na baba mkwe mtarajiwa ni mtu wa Johnnie Walker Black. Jamaa kapanga kubeba Jameson. Poa, ila ajue anabeba nini.

Zote ni wiski, zote zinakaa kwenye pipa la mbao si chini ya miaka 3 (hiyo Black miaka 12). Ishu ni moshi. Black ina kamoshi kwa sababu sehemu ya shayiri yake hukaushwa kwa kuchoma udongo wa majani yaliyooza. Jameson, jina la tangu 1780 kule Dublin, haina moshi huo, halafu inapikwa kwa mvuke mara 3, wakati Waskoti wengi wanaishia mara 2. Ndo maana inateleza. Mzee aliyezoea moshi ataiona kama juisi!

Mfuko ukiruhusu chukua Jameson Black Barrel, hiyo nzito kidogo. Au Connemara, ya Ireland lakini ina moshi kabisa, mzee atashangaa mwenyewe.

Halafu kagua stempu ya TRA kwenye chupa, simu inaisoma kwa programu ya Hakiki Stempu. Kumpelekea mkwe feki ni kuposa kesi.

Nawasilisha.