Kabla hujauza mbegu, zioteshe mwenyewe

Wapambanaji wenzangu, leo nawapa somo lililonitoa pesa mfukoni.

Mimi nipo Makangale, Pemba, nauza miche na mbegu za maua kwa simu. Mwaka jana niliokota mbegu za mlakasa, ule mmea unaotambaa mchangani pwani, maua yake zambarau. Ukishashika unadumu miaka, na unazuia mchanga usipeperuke. Nikatia kwenye pakti, nikapiga picha nzuri, nikauza pakti 20. Wiki ya tatu dada mmoja wa Unguja akaniandikia: “Kaka, hata moja haijaota. Hizi mbegu au vijiwe?” Wakafuata wengine. Nikarudisha pesa zote.

Mbegu zilikuwa nzima, kosa langu. Mbegu ya mlakasa ina ganda gumu lisilopitisha maji, ndiyo maana inaelea baharini na kwenda kuota pwani nyingine. Ukiifukia hivihivi inaweza kulala tu.

Sasa nafanya hivi:

1. Naokota matunda yaliyokauka yakawa ya kahawia. Siokoti yote wala sing'oi mmea, maana ndio unaoshika pwani yetu. Msitu wa Ngezi ni hifadhi, humo sichukui kitu.

2. Nasugua ubavu mmoja wa mbegu kwa msasa mpaka weupe wa ndani uonekane kidogo tu.

3. Naloweka usiku kucha. Iliyovimba iko tayari, isiyovimba nasugua tena. Msitupe inayoelea kama mlivyozoea kwa mbegu nyingine, hii kuelea ni kawaida yake.

4. Napanda kina cha sentimita moja hivi, mchanga mwingi, udongo kidogo, juani. Maji yasituame.

5. Kabla ya kuuza mzigo wowote naotesha mbegu 10. Zikiota 7, naandika kwenye pakti: “Kati ya 10 zimeota 7”, na tarehe, na maelezo ya kusugua.

Nilidhani namba hiyo itafukuza wateja. Wapi! Yule dada kanunua tena, na safari hii kanitumia picha ya miche yake. Picha hiyo inaniuzia kuliko zangu zote.

Na wewe, mzigo unaouza leo umeujaribu mwenyewe? Tuambie hapo chini.