Saa 52 za Nunguni

Muuzaji aliyeajiriwa katika duka la vifaa vya ujenzi pale Nunguni, juu ya vilima vya Kilungu, anaweza kisheria kufanya kazi saa 52 kwa wiki, zikigawanywa kwa siku 6. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inamhakikishia siku moja tu ya mapumziko katika kila saba. Kule Iceland, kati ya 2015 na 2019, wafanyakazi zaidi ya 2,500 walipunguziwa saa kutoka 40 hadi 35 au 36 bila kukatwa mshahara, na sehemu nyingi kazi haikuzorota. Aliyechoka hukosea hesabu, hukaripia wateja. Saa za ziada si lazima zilete faida.

Kuna pingamizi moja zito dhidi ya kupunguza muda wa kazi. Kibarua anayelipwa kwa siku akipunguziwa siku, amepunguziwa unga, na Kenya vibarua ni wengi. Kwa hiyo tuanze na anayelipwa kwa mwezi, tena kwa kupunguza saa, si siku: duka lifungwe saa kumi na moja badala ya saa moja usiku. Wengine watasema muda huo utaishia shambani, kutengeneza matuta yaliyobomolewa na mvua au kushiriki mwethya (kazi ya kusaidiana) wa majirani, kwa hiyo si mapumziko. Ni kweli. Ila matuta hayo ni yake, na udongo wa miteremko ya Kilungu haungoji Jumapili.