Kanzu za Sultani wa Kilwa

Ibn Battuta, msafiri kutoka Tangier, alifika Kilwa Kisiwani mnamo mwaka 1331 akitokea Mombasa. Mji ulikuwa umenawiri kwa dhahabu ya nyanda za Zimbabwe, iliyopitia bandari ya Sofala. Aliyetawala ni al-Hasan bin Sulaiman, ambaye kwa ukarimu wake alipewa lakabu ya Abu al-Mawahib.

Kisa anachokisimulia msafiri huyo ni hiki. Ijumaa moja, sultani akitoka msikitini, fakiri kutoka Yemen alimsimamisha njiani akamwomba nguo alizovaa, tena papo hapo. Sultani akarudi hadi nyumba ya khatibu, akabadili mavazi, akamwita yule fakiri aje kuyachukua. Watu wakastaajabu. Mwana wa sultani akazikomboa nguo za baba yake kwa watumwa kumi. Baba, aliposikia jinsi watu wanavyomsifu, akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Wasimulizi wengi hukomea hapo kwenye sifa. Lakini Ibn Battuta mwenyewe anaeleza kwamba sultani alikuwa akivamia nchi za jirani mara kwa mara, na humo ndimo ngawira ilimotoka. Khumsi, yaani sehemu ya tano ya ngawira, aliitenga kama sharia inavyotaka, na fungu la masharifu likawekwa mbali; nao wakaja kulifuata kutoka Hijazi na Iraki. Ukarimu ulikuwepo, sikatai, ila waliougharimia ni wale waliotekwa.

Tena alikuwa mjenzi. Watafiti wanamhusisha na Husuni Kubwa, kasri la matumbawe lililo juu ya jabali, lenye vyumba vingi na birika la pembe nane linalotazama bahari. Neville Chittick, aliyefukua magofu hayo katika miaka ya 1960, aliona kwamba halikukamilika.

Al-Hasan akafa, akarithiwa na nduguye Daud. Waombaji walipobisha, Daud aliwajibu kwamba mtoaji amefariki na hakuacha cha kutoa. Wageni walikaa miezi wakiambulia kidogo, mwishowe wakaacha kuja. Daud amebaki na sifa ya ubahili. Mimi naona huenda alisema kweli tupu: hazina ya nduguye ilishagawiwa, na kasri lenyewe lilikuwa bado linadai mawe na mafundi.