Kiswahili na Uchanganuzi wa Vigeu Vingi: Zaidi ya Suala la Istilahi

1.0 Utangulizi

Kila unapojadiliwa uwezekano wa kufundisha hisabati ya chuo kikuu kwa Kiswahili, swali linalotangulia huwa ni la istilahi. Swali hilo ni halali, na juhudi za kulijibu si haba: mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Hata hivyo, mwanafunzi wa uchanganuzi wa vigeu vingi hakwami sana kwenye nomino. Hukwama kwenye sentensi. Nchini Tanzania, mwanafunzi aliyepitia shule ya msingi ya serikali kwa kawaida amejifunza kupima pembe na kutafuta eneo la duara kwa Kiswahili. Kisha, kuanzia sekondari, fikra ngumu zaidi humfikia kwa Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba wapo wanaoweza kunakili fasili bila kosa, lakini wasiweze kueleza inasema nini.

2.0 Njia za kuikaribia nukta

Katika hisabati ya kigeu kimoja, nukta iliyo juu ya mstari hukaribiwa kwa pande mbili tu, kushoto na kulia. Vigeu vikiwa viwili, nukta huwa juu ya bapa, na njia za kuikaribia hazina idadi. Ichukuliwe funksheni inayogawanya xy kwa x² + y², na yenye thamani 0 pale x na y zote zinapokuwa 0. Anayeufuata mhimili wa x hupata 0 wakati wote. Anayeufuata mhimili wa y hupata 0 vilevile. Mwenye haraka atahitimisha kwamba kikomo ni 0. Lakini anayefuata mstari ambao y ni sawa na x hupata nusu, hata akiisogelea nukta kiasi gani. Kwa hiyo, kikomo hakipo.

Kosa hapa ni la kihisabati, lakini mzizi wake ni wa kilugha: "njia fulani" imechukuliwa kuwa "njia yoyote". Hata "mstari wowote ulionyooka" haitoshi. Funksheni inayogawanya x²y kwa x⁴ + y² huelekea 0 katika kila mstari ulionyooka unaopita kwenye asili, lakini hubaki nusu katika mkunjo ambao y ni sawa na x². Kivumishi -ote na kivumishi -o-ote ndivyo vinavyobeba mzigo wa hoja.

3.0 Mpangilio wa "kila" na "-moja"

Sentensi "Wanafunzi wote walipewa kitabu kimoja" ina utata. Huenda kila mmoja alipata chake. Huenda wote waligawana kilekile. Kiswahili kina njia mbili nyepesi za kuondoa utata huo: takriri, "walipewa kitabu kimoja kimoja", na kionyeshi rudufu, "walipewa kitabu kilekile".

Tofauti hiyohiyo ndiyo inayotenga dhana mbili zinazowasumbua wanafunzi wengi. Funksheni ni endelevu iwapo, kwa kila kiwango cha kosa kinachoruhusiwa, kila nukta ina umbali wake unaofaa. Ni endelevu kwa usawa iwapo, kwa kila kiwango hicho, nukta zote zinafaa kwa umbali uleule. Funksheni x² + y² ni endelevu katika bapa zima, lakini si kwa usawa, kwa kuwa umbali unaofaa huzidi kupungua kadiri nukta inavyokuwa mbali na asili. Ikiwekewa mipaka ndani ya duara pamoja na mzingo wake, huwa endelevu kwa usawa. Viambishi na virejeshi vya Kiswahili vinaieleza tofauti hii bila kuazima chochote.

4.0 Istilahi ndani ya sentensi

Jiometri nayo inaonyesha kwa nini istilahi isichaguliwe ikiwa pekee. Kwa mtu aliyesimama ubavuni mwa mlima, ukali wa ardhi hutegemea mwelekeo anaoelekea. Vekta inayoonyesha mwelekeo wa kupanda kwa kasi kubwa kuliko yote husimama wima kwa mstari wa ramani unaounganisha sehemu zenye kimo kimoja. Ikiitwa "mteremko", sentensi itasema kwamba mteremko unaelekea juu, na msikilizaji atashangaa, kwani kuteremka ni kushuka. Ikiitwa "vekta ya mpando", mgongano huo hautokei. Orodha ya maneno isingeufichua udhaifu huo. Sentensi moja imeufichua.

5.0 Hitimisho

Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu nchini Tanzania ilipendekeza Kiswahili kifundishie sekondari na hatimaye chuo kikuu. Pendekezo hilo halikutekelezwa, na uhaba wa istilahi umekuwa miongoni mwa hoja zinazotolewa kulipinga wazo hilo. Hoja hiyo haitoshi. Alama za hisabati ni za ulimwengu mzima, na maneno yanayokosekana yanaweza kutoholewa. Kinachohitajika zaidi ni wanaisimu na wanahisabati kukaa pamoja na kukusanya miundo ya sentensi za fasili na uthibitisho, kisha kuijaribu ubaoni, mbele ya wanafunzi. Anayeweza kusema kwa ulimi wake tofauti kati ya "umbali wake" na "umbali uleule" ameielewa fasili. Anayeinakili tu bado hajaielewa, kwa lugha yoyote ile.